Kioo Hakikupasuka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimebandika kioo. Saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili: Shangazi na paka wa jirani.

Niandike kwa utaratibu, maana huenda siku moja shajara hii ikawekwa kwenye kabati la Chama. Ufa uko kwenye ukuta wa ubavuni wa nyumba ya Shangazi. Unaanzia juu ya dirisha lililo mbele ya cherehani yake, na kushuka hadi karibu na sakafu. Ukitaka kujua kama ufa umelala au unatembea, unachukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, unakigandisha kwa jasi. Ncha moja upande huu wa ufa, ncha ya pili upande ule. Unaandika tarehe juu yake. Unasubiri. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala. Kikipasuka, ukuta unatembea. Elimu yote ndiyo hiyo. Bi Rula ameiandikia mwongozo wa kurasa kumi na nne!

Bi Rula ni katibu msaidizi mwenzangu katika Chama cha Kuhifadhi Majengo ya Kale. Jina nimempa mimi. Ni mwanamke anayepima hata umbali kati ya kikombe chake na ukingo wa meza. Tuko wasaidizi wawili na kiti cha Katibu Mkuu ni kimoja. Kura ni Ijumaa tarehe 21. Mwongozo wake sijausoma wala sitausoma. Nimeukunja mara nne nikauweka chini ya mguu mfupi wa meza yangu ofisini, na tangu hapo meza imetulia. Kila karatasi ina kazi yake.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi amepanga nyumba hii miaka thelathini na minane. Mwenye nyumba anataka kuibomoa ajenge maduka. Lakini jengo likiingia kwenye orodha ya majengo ya kulindwa, mwenyewe haruhusiwi kung'oa hata bawaba. Siku ishirini za uangalizi, halafu Jumatatu tarehe 24 mhandisi wa manispaa anakuja kutoa uamuzi. Nyumba ikipita, Shangazi anabaki. Isipopita, atakwenda wapi? Hana mtoto wa kumzaa. Ana mimi.

Nimelelewa humu tangu nina miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kutambaa sakafuni na sumaku, kuokota pini zilizomponyoka. Naipenda nyumba hii kuliko ninavyoweza kusema, na sina wa kumwambia ila karatasi.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba. Kioo kimepasuka.

Mstari mmoja katikati, safi. Nilisimama nimeshika kiuno kama mtu aliyefiwa. Siku tano tu! Nikipeleka taarifa kwamba ukuta unatembea, mhandisi ataandika neno moja, HATARI, na Shangazi yuko barabarani na cherehani yake. Tena kura nazo nitakuwa nimemkabidhi Bi Rula mkononi.

Nikatafakari kama dakika mbili. Nani anajua kama ni ukuta? Huenda ni paka. Huenda kioo chenyewe kilikuwa dhaifu. Kumwaibisha mzee kwa kosa la kioo si haki.

Nikaenda kwa fundi vioo wa pale kona, akanikatia kipande kingine. Nikang'oa cha zamani, nikabandika kipya, nikaandika 3 Machi kwa mwandiko wangu mzuri. Shangazi alikuwa anashona sare za shule. Aliniangalia juu ya miwani, akauliza kama kuna neno. Nikamjibu hakuna, ni matunzo ya kawaida, vioo hivi hubadilishwa kama mafuta ya gari. Akasema haya, akaendelea kukanyaga pedali. Ananiamini. Niliona fahari, na tumbo likaniuma kidogo. Nadhani ni yale maharage ya jana.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha Chama. Wajumbe saba, viti sita. Nimesimama.

Ukutani mwa ofisi yetu kumeandikwa kwa rangi nyekundu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mgeni anayeingia huisoma kwa sauti kisha hucheka kama yeye ndiye wa kwanza kuiona. Miaka tisa naisikia. Mimi ufa nimeuziba, tena kwa kioo, na hakuna anayenipigia makofi.

Lakini leo nimekula asali. Bi Rula, mwenye jengo la zamani la uchapaji chini ya uangalizi wake, alisimama akatangaza kwamba kioo chake kimepasuka. Alisema hivyohivyo, mchana kweupe! Akaonyesha na picha. Nilimsikitikia mbele ya watu wote, kwa sauti ya upole, nikasema ajali haina kinga. Akanishukuru. Kisha akaomba hatua za ukurasa wa tisa zichukuliwe mara moja. Wote wakatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikatikisa, kwa nguvu kuliko wote, nisionekane sijui ukurasa wa tisa una nini.

Mwenyekiti, ambaye huamka mara mbili kila kikao, akaamka akaniuliza hali ya nyumba yangu. Nikamwambia kioo kizima kama yai. Bi Rula akauliza kama nina hakika, maana mfereji wa paa la nyumba ile umetoboka na maji yote yanamwagika kwenye mguu wa ukuta, na mvua ndizo hizi zinaanza. Wivu! Nimesikia wivu mwingi maishani lakini wenye vipimo namna hiyo sijapata.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua usiku kucha. Asubuhi kioo vipande viwili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimebandika cha tatu. Fundi vioo sasa ananijua. Aliuliza ninajenga nini kwa vipande vidogo namna ile. Nikamwambia ni utafiti. Akasema ah.

Jumapili, 16 Machi

Nimepita jengo la uchapaji, kwa bahati tu, baada ya kuzunguka mitaa mitatu. Nimecheka hadi nikashika ukuta wa watu.

Wamelisimamishia nguzo! Nguzo nene za mbao, nane, zimeegemezwa ubavuni tangu chini hadi dirisha la juu, na mafundi wanakaza tena kabari. Ni zile nguzo za Chama, seti pekee tuliyo nayo, zilizokuwa zimelala stoo. Maskini Bi Rula. Amelipatia jengo lake magongo hadharani. Mhandisi gani ataliweka kwenye orodha jengo linalotembea na magongo?

Ya Shangazi imesimama kwa miguu yake. Nimemwambia hivyo jioni, akatabasamu. Akasema mlango wa chumba cha cherehani siku hizi unagoma kufungika. Nikamwambia ni unyevu. Mbao hunywa maji. Kesho nitakuja na randa.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbaya. Maji yamezidi unga.

Asubuhi cha tatu kilikuwa kimepasuka. Nikabandika cha nne. Nikaupiga mlango randa, ukafungika vizuri, nikajisifu. Nikanywa chai. Saa nane mlango umegoma tena na kioo cha nne kimepasuka wakati mimi nipo chumba cha pili. Sikusikia lolote. Shangazi alisema yeye huwa anasikia. Nikamwambia masikio ya wazee husikia mengi.

Nikarudi kwa fundi vioo mara ya pili kwa siku moja. Aliponiona alinivutia kiti. Akaniambia polepole kwamba hataki kuingilia, ila alikuwa na kaka yake aliyeanza kwa mambo madogomadogo hivihivi, na leo haongei na watu. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema hata kaka yake alisema hivyo.

Hata hivyo ndipo wazo lilipokuja. Mimi ni mtu wa mawazo, hilo halina ubishi. Nikamwomba kioo kinene! Kioo cha meza, si hiki cha dirisha. Akanikatia akiwa anatikisa kichwa. Hicho ni cha tano. Kimekaa ukutani kama askari. Nikapiga na ngumi kidogo, hakikutingishika. Nashangaa kwa nini watu wa uhifadhi dunia nzima hutumia vioo vyembamba halafu wanalalamika vinapasuka.

Nilipokuwa nanawa jasi mikononi, Shangazi alizima taa ya cherehani akabaki ameketi, mikono mapajani. Ufa sasa unaingiza kidole. Zamani uliingiza ukucha.

"Mwanangu," akasema, "nihamishe cherehani? Niiweke hata uani."

Nilimkataza. Nilimweleza kwamba mhandisi akikuta vitu vimehamishwa atajua tuna hofu, na mtu mwenye hofu ana la kuficha. Vumilia siku sita tu, nikamwambia, kila kitu kikae mahali pake. Akasema haya.

Ijumaa, 21 Machi

USHINDI! Kura nne kwa tatu. Mimi ni Katibu Mkuu.

Nianze na asubuhi, ambayo haikuwa nzuri. Kioo kinene kilikuwa hakijapasuka, kweli, ila kilikuwa kimebanduka upande mmoja na kuning'inia kama jino la mtoto. Nilipokigusa kikaanguka kikavunjika kwa ujinga wangu. Nikabandika cha sita, kinene vilevile, na safari hii jasi nikachanganya na gundi ya seremala, ncha zote mbili, donge kubwa kama andazi. Nikakipiga picha: 3 Machi, kizima, kinang'aa.

Picha hiyo ndiyo iliyonipa kiti. Niliizungusha mezani. Nikasema, Ndugu wajumbe, wengine wamesimamisha majengo yao kwa magongo, mimi langu limesimama kwa uangalizi. Mwenyekiti aliamka mara ya tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bi Rula aliitazama ile picha muda mrefu mno. Akaisogeza karibu na macho. Akauliza kwa nini jasi inaonekana mbichi. Nikasema ni mwanga.

Alinipa mkono wa pongezi. Akasema kesho angependa aje autazame ukuta kwa macho yake. Nikamwambia karibu Jumatatu, pamoja na mhandisi. Sikutaka anitie nuksi.

Nimempelekea Shangazi habari. Alifurahi, akanishika shavu kama zamani. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Upepo unapita kwenye ufa.

Jumamosi, 22 Machi

Umeanguka.

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Hakukuwa na mvua hata tone, jua lilikuwa linawaka. Shangazi alikuwa getini anamkabidhi mama mmoja sare za watoto wake. Yuko salama. Niandike tena: yuko salama. Vumbi tu.

Ukuta wote wa ubavuni, kutoka paa hadi chini, na nusu ya dari nyuma yake. Cherehani iko chini ya mawe. Miaka thelathini na minane ameketi pale.

Nilifukua kwa mikono hadi giza likaanza. Cherehani sikuifikia. Kioo nilikipata. Kilikuwa juu ya kifusi, kimeng'ang'ania donge la jasi na kipande cha ukuta upande mmoja. 3 Machi. Kizima. Hakina hata mkwaruzo.

Jumatatu, 24 Machi

Mhandisi alikuja. Hakukaa dakika kumi. Nyumba yote ishushwe, na mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yake mikono mifukoni, uso wa huzuni, miguu ikikosa subira. Maduka atajenga.

Bi Rula alikuja pia. Hakunisalimu. Alichuchumaa kwenye kifusi, akaokota kipande cha ukuta chenye mabaki ya jasi, akakipima. Kisha kingine. Alikuwa anahesabu alama za pale nilipong'oa na kubandika.

"Ulibadilisha mara ngapi?" akauliza.

Nikamwambia swali hilo si la kumuuliza Katibu Mkuu. Nilidhani amenywea, kumbe analia. Sikujua kwamba huwa analia. Akasema nguzo zilikuwepo, zililala stoo siku nne nzima kabla jengo lake halijazihitaji. Akaniuliza ukurasa wa tisa nilifikiri umeandikwa kwa ajili ya nani. Akaondoka na kile kipande cha ukuta amekipakata.

Nimepita ofisini. Nimeinua meza, nikautoa mwongozo. Ukurasa wa tisa una alama ya mguu wa meza katikati lakini unasomeka. Unasema kioo kikipasuka mara moja tu, jengo linapewa nguzo ndani ya siku mbili na linaingizwa kwenye orodha ya dharura siku hiyohiyo. Tangu hapo mwenye nyumba haruhusiwi kuligusa, na waliomo hawatolewi.

Jengo la uchapaji liko kwenye orodha tangu Jumatano ya tarehe 12.

Nimeusoma mara nne. Niliketi sakafuni, maana meza ilikuwa inacheza. Kioo cha kwanza kilipasuka tarehe 8. Tarehe 8 nguzo zote nane zilikuwa stoo.

Halafu nikajiuliza: jambo kubwa hivi, mtu mwenye akili timamu analiweka ukurasa wa tisa? Kwa nini si wa kwanza? Ningeliandika mimi lingekuwa kwenye jalada. Nimeanza kumwandikia barua Bi Rula kumweleza kosa lake, kwa upole.

Jumatano, 26 Machi

Mwenyekiti ameniita. Akasema taarifa ya Chama itaandika kwamba ukuta uliangushwa na mvua, kwa heshima ya Chama. Nami, kwa afya yangu, nipumzike. Nikauliza hadi lini. Akasema asiwe na haraka mtu aliyechoka. Bi Rula atanishikia kiti. Ni jambo jema wameona jinsi nilivyojituma.

Shangazi amehamia kwangu. Chumba kimoja, dirisha moja. Amekuja na sanduku, birika, na mkebe wa pini. Mafundi wanaoshusha nyumba walimtolea cherehani jana: gurudumu limepinda, mkono umekatika. Aliigusa, akawaambia waichukue.

Leo tulikula pamoja. Nikaona nimtulize, nikamwambia kwamba hakuna aliyeweza kujua. Kioo kilikuwa kizima, nikamwambia, nimekihifadhi, naweza kukuonyesha. Akaweka kijiko chini.

"Nilivisikia vyote," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kila kimoja kilipopasuka nilikisikia, ta, nikiwa nashona. Nikasema, mwanangu atakuja, ataona, atajua la kufanya. Ukaja ukaweka kingine. Nikasema basi, wenye kusoma ndivyo wanavyofanya."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka hadi macho yalipokauka. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumapili, 30 Machi

Chumba kimepangika. Kitanda nimempa Shangazi, mimi nina godoro sakafuni pembeni yake.

Asubuhi nilipokuwa nasogeza sanduku lake niliona kitu ukutani, juu ya vichwa vyetu. Ufa. Si mkubwa. Nyumba gani haina ufa? Unashuka kutoka darini kwa mkunjo mmoja hivi na kupotelea nyuma ya kitanda. Nilijaribu ukucha. Umeingia.

Nikafikiria kumwambia mwenye nyumba wangu. Lakini mwenye nyumba akisikia ataleta mafundi, na mafundi watatutoa nje, na Shangazi ameshahama mara moja mwezi huu. Mtu mzima anahitaji utulivu. Mambo ya vioo nayo sitaki hata ayasikie, yamemtesa vya kutosha. Nimekwenda dukani nikarudi na kalenda. Kubwa, ina picha ya maporomoko ya maji. Nimeitundika na imeufunika wote isipokuwa mkia, na mkia nimeupaka dawa ya meno.

Shangazi alikuwa anakunja nguo. Aliitazama kalenda. Akauliza mbona nimeitundika karibu na dari, nani ataisoma. Nikamwambia ni pambo. Akanitazama mimi. Kisha akashika kitanda, akakivuta kuvuka chumba kizima hadi ukuta wa pili, anapumua kwa shida. Nilipotaka kumsaidia alishakimaliza. Akarudi, akalishika na godoro langu, akaliburuta hadi kando ya kitanda chake, akanyoosha shuka.

Wazee wakishapatwa na misukosuko hupenda kuhamishahamisha vitu. Sikumbishia. Alipotoka kwenda kuteka maji nimelirudisha godoro langu palepale, chini ya kalenda. Pana hewa nzuri.